Ada Sifuri, Lakini Pesa Imepungua: Uchambuzi wa Akaunti za Sarafu Nyingi kwa Wauzaji wa Mtandaoni

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sianzi na maelezo, naanza na skrini. Itazameni vizuri.

Hapa juu pameandikwa: unabadilisha euro 1,000. Chini yake: ada, 0. Chini kabisa: utapokea dola 1,067. Halafu kuna kitufe cha kijani cha kuthibitisha. Hicho kitufe nimekibonyeza miezi mingi kwa moyo mweupe, nikijua nimehudumiwa bure. Sasa twende ukurasa wa pili, tutafute kiwango cha euro kwa dola cha saa hiyohiyo. Tuchukulie kinasoma 1.10. Euro 1,000 kwa kiwango hicho ni dola 1,100. Mimi nimepewa 1,067. Dola 33 zimekwenda wapi, na ada ni sifuri?

Zimo ndani ya kiwango. Walioniuzia dola wameniuzia kwa 1.067 badala ya 1.10, na hilo pengo ndilo malipo yao. Hayaitwi ada, hayana mstari wake kwenye risiti, na ukiitafuta sehemu ya makato hutayaona. Huduma hiyo siitaji jina, maana si hiyo peke yake.

Ndugu zangu mnaouza mtandaoni, mkiondoka leo na kitu kimoja, basi kiwe hiki: usiulize ada ni kiasi gani. Uliza nikituma kiasi hiki, upande wa pili kinaingia kiasi gani. Halafu linganisha na kiwango cha kati.

Kiwango cha kati ni nini? Kwenye soko la fedha kila sarafu ina bei mbili, ya kununua na ya kuuza. Ukichukua katikati ya hizo mbili, umepata kiwango cha kati. Ndicho utakachokiona ukitafuta kiwango kwenye Google, na ndicho kipimo changu katika uchambuzi wote wa leo. Na kabla sijaendelea, hakuna kampuni iliyonilipa kwa video hii. Mimi nauza michoro ya kushonea nguo, faili tu, mteja anashusha na kuchapisha mwenyewe. Wanunuzi wangu wanalipa kwa euro, pauni na dola, kwa hiyo haya ndiyo maisha yangu ya kila mwezi.

Tuingie kwenye bidhaa yenyewe. Akaunti ya sarafu nyingi, kama za Wise au Payoneer, inakupa namba za kupokelea pesa kana kwamba una benki katika nchi kadhaa. Unapata IBAN, yaani namba ya kimataifa ya akaunti ya benki, kwa euro, namba ya akaunti na namba ya benki ya Marekani kwa dola, na namba zake za Uingereza kwa pauni. Jukwaa unalouzia linapotaka kukulipa euro, linazituma kama malipo ya ndani ya Ulaya. Hazibadilishwi njiani. Zinatua zikiwa euro, zinakaa zikiwa euro, na unaamua mwenyewe lini zibadilishwe na kiasi gani. Thamani yote ya bidhaa hii iko hapo, kwenye uamuzi kurudi mikononi mwako. Kadi nzuri na programu nyepesi ni nyongeza tu.

Wise ilianzishwa London mwaka 2011 kwa jina la TransferWise, na Waestonia wawili, Taavet Hinrikus na Kristo Käärmann. Mmoja alikuwa akilipwa euro huku akiishi London, mwingine akipata pauni huku akidaiwa mkopo wa nyumba kwa euro. Wakawa wanabadilishana wao kwa wao kwa kiwango cha kati, benki ikakosa cha kukata. Wazo hilo bado linaonekana kwenye huduma yao: wanatumia kiwango cha kati, halafu ada wanaiandika peke yake, waziwazi. Kwa sarafu kubwa ada hiyo mara nyingi haifiki asilimia 1. Turudi kwenye mfano wetu, tuseme ada ni asilimia 0.6. Kwenye euro 1,000 inakatwa euro 6, zinabaki 994, ukizidisha kwa 1.10 unapata dola 1,093.40. Ile skrini ya ada sifuri ilinipa 1,067. Tofauti ni dola 26.40, na ukifanya hivyo kila mwezi, mwaka unaisha na dola 316.80. Hizo kwangu ni gharama za kuhifadhi tovuti, na zaidi.

PayPal nayo lazima niiseme, kwa sababu wateja wengi wanaiamini na wengine hawanunui bila hiyo. Kwenye kubadilisha sarafu ni ghali. Kwa nchi nyingi wanaongeza kati ya asilimia 3 na 4 juu ya kiwango chao cha msingi, na wameliandika hilo kwenye masharti yao, tatizo ni kwamba sisi hatuyasomi. Lakini mkae mkijua kwamba PayPal inaruhusu kuweka salio la sarafu zaidi ya moja. Ingieni kwenye mipangilio ya malipo mtazame: je, pesa ya sarafu usiyokuwa nayo ikija, inabadilishwa yenyewe, au inakusubiri uamue? Wengi wameacha ibadilishwe yenyewe, na hawajui.

Etsy, lile soko la mtandaoni la kazi za mikono, wanakata asilimia 2.5 pale sarafu ya bei uliyoandika inapotofautiana na sarafu ya akaunti yako ya malipo. Dawa yake ni ya dakika mbili, zifanye hizo sarafu ziwe moja. Stripe, huduma ya kupokelea malipo ya kadi, kwa Marekani wanaongeza asilimia 1 kama kuna kubadilisha sarafu, na asilimia 1.5 nyingine kama kadi ya mteja ni ya nje. Hiyo ya pili huikwepi, ya kwanza unaweza, kama una akaunti ya kupokelea sarafu ileile aliyolipia mteja.

Sasa tufike kwenye kidonda, nacho ni kubadilisha mara mbili.

Kuna dada mmoja aliniuliza kwa nini biashara yake inauza vizuri na bado haoni kitu. Tukakaa na hesabu zake. Mteja analipa pauni. Jukwaa linamlazimishia dola kwa sababu ndiyo sarafu aliyoichagua siku anajisajili. Kisha anatoa dola kwenda benki yake, na benki inazigeuza kuwa sarafu ya kwao. Tuseme kila mgeuzo unakula asilimia 3. Kati ya 100, zinabaki 97. Kati ya 97, zinabaki 94.09. Karibu asilimia 6 imekwenda. Yeye alikuwa anauza kitu cha thamani ya dola 50 na faida yake ni dola 8. Asilimia 6 ya 50 ni karibu dola 3. Dola 3 kati ya 8, jamani! Hapo ndipo nilipoona jinsi asilimia zinavyotudanganya. Tunasikia asilimia 3 tunaona ni kidogo, kwa kuwa tunaipima kwa mauzo. Ipime kwa faida. Makato yanakatwa kwenye mauzo, lakini maumivu yake yanatoka kwenye faida.

Na kwa nini dola inajiingiza katikati hata pale ambapo mnunuzi hana dola na muuzaji hana dola? Kwa sababu soko lenyewe limejengwa hivyo. Benki ya Malipo ya Kimataifa (BIS), ile ya Basel, Uswisi, hupima soko la sarafu kila baada ya miaka 3. Mwaka 2022 walikuta dola iko upande mmoja wa asilimia 88 ya biashara zote. Sarafu mbili ndogo mara nyingi hazina soko la moja kwa moja baina yao, kwa hiyo hukutana kwenye dola. Ukiuza kwa sarafu ndogo, au unaishi kwa sarafu ndogo, pengo la bei ya kununua na kuuza ni pana zaidi, na hakuna programu itakayoliondoa kabisa. Unachoweza ni kuhakikisha mgeuzo unatokea mara moja, si mbili.

Kuhusu SWIFT, mtandao ambao benki za nchi mbalimbali hutumia kutumiana maagizo ya malipo, nina kisa. Mwenye karakana ya ushonaji alinunua michoro yangu kwa mkupuo, dola 400, akatuma kupitia benki yake. Zikaingia 378. Nikamwandikia kwa adabu kwamba zimepungua 22. Akanitumia stakabadhi ya benki yake: dola 400, zimetumwa. Naye hakukosea, zilitoka 400 kweli. Pesa ya SWIFT mara nyingi haiendi moja kwa moja, inapita kwenye benki moja au mbili za njiani, na kila moja inaweza kumega kiasi chake. Kwenye fomu ya kutuma kuna sehemu yenye herufi tatu: OUR maana yake mtumaji analipa gharama zote, SHA mnagawana, BEN analipa mpokeaji. Yeye alichagua SHA bila kujua, maana ndiyo iliyokuwa imeshawekwa. Kwa dola 400, hizo 22 ni asilimia 5.5. Kwa dola 20,000 zisingeuma. Kwa hiyo kwa malipo madogo, mimi sikubali tena SWIFT kama mteja anaweza kunilipa kwa namba za ndani ya nchi yake. Na kama hawezi, naandika kwenye ankara kabisa kwamba gharama ni OUR.

Marejesho nayo yana mtego wake. Mteja kalipa euro 100, zimegeuzwa kuwa dola, wiki mbili baadaye anataka pesa yake. Wewe unatakiwa kumrudishia euro 100 kamili, kwa hiyo unanunua euro upya. Ulipouza euro ulipewa bei ya chini, unaponunua unatozwa bei ya juu. Kama pengo ni asilimia 3 kila upande, mauzo ambayo hayakufanyika yamekugharimu asilimia 6, hata kama kiwango cha soko hakijasogea. Ndiyo maana mimi sibadilishi pesa ya mteja kabla siku za marejesho hazijaisha. Naiacha kwenye sarafu aliyolipia. Akiitaka, anarudishiwa ileile.

Sasa kasoro za hizi akaunti, maana sitaki mtu aseme nimezisifia tu.

Ya kwanza, nyingi kati yake si benki. Ni taasisi za fedha za kielektroniki. Sheria inawataka watenge pesa za wateja mbali na za kampuni, lakini kutengwa si sawa na bima ya amana. Uingereza, kwa mfano, mfuko wa kufidia wenye amana hauzihusu pesa za kielektroniki. Kwa hiyo msifanye hapo ndipo mahali pa kuweka mtaji wa mwaka mzima. Ni njia ya kupitishia pesa.

Ya pili iliniumiza mwenyewe. Huduma moja ilizuia akaunti yangu siku 11. Sikuwa nimefanya kosa. Zile dola 400 za karakana hazikufanana na malipo yangu ya kawaida, wakataka maelezo. Kitu gani umeuza, ankara iko wapi, mteja ni nani. Sikuwa na ankara iliyopangwa, nilikuwa na mazungumzo ya barua pepe tu. Nilihangaika kuitengeneza huku matangazo yangu yamesimama kwa kukosa malipo. Siwalaumu kwa kuuliza, sheria za kuzuia utakatishaji fedha zinawabana. Nawalaumu kwa siku 11 za kujibiwa na mashine. Tangu hapo kila muamala una ankara yake siku hiyohiyo, na nina njia ya pili ya kupokelea pesa.

Ya tatu naipitia haraka: si kila nchi inapata kila sarafu, na jina la akaunti lazima lilingane na jina la duka. Angalieni hayo kabla ya kubadilisha chochote kwenye jukwaa, msije mkakwama malipo yakiwa njiani. Na soko la sarafu hufungwa mwishoni mwa wiki, baadhi ya huduma huongeza kiasi siku hizo. Revolut, huduma nyingine ya aina hii, kwenye mpango wake wa kawaida ni asilimia 1. Badilisheni siku za kazi.

Hukumu yangu sasa. Kama wateja wako wote wanalipa sarafu moja, na ndiyo unayotumia nyumbani, huihitaji bidhaa hii. Kama unauza kidogo sana, fungua, lakini usitoe pesa kila wiki, kusanya utoe mara moja, kwa sababu ada za kudumu zinakula viasi vidogo. Kama unauza kwa sarafu mbili au zaidi na una gharama za nje, hapo nasema fungua leo, na hapo ndipo inapolipa kuliko wengi wanavyodhani. Mimi matangazo nalipa kwa dola, programu ya kuchorea nalipa kwa euro. Zamani nilikuwa nageuza euro kuwa pesa ya nyumbani, kisha kadi yangu ya nyumbani inageuza tena kulipa euro zilezile! Mwezi uliopita, kati ya kila euro 1,000 zilizoingia, nilibadilisha 300 tu. Hizo nyingine zimelipa gharama zikiwa euro, na hazikumegwa na mtu.

Kabla sijazima kamera, fungueni malipo yenu ya mwisho. Andikeni kiasi alicholipa mteja, na kiasi kilichotua benki. Tafuteni kiwango cha kati cha siku hiyo. Gawanyeni. Nileteeni asilimia iliyotoka na njia mliyotumia, nizipitie video ijayo moja baada ya nyingine.