Mashine ya GNSS ya masafa matatu: nimeitumia Dodoma, mchana na usiku

Wapima ardhi wenzangu mnaoniuliza kama jozi hizi za Kichina za GNSS (vipokezi vya setilaiti vya kupimia mahali), yaani besi inayokaa pale pale na rova unayotembea nayo, zinafaa: zinafaa. Ila sababu anazozitaja muuzaji sizo zitakazokufaa ukiwa site.

Yangu ni ya rangi ya chungwa. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi milioni 12 na nusu, na ndani ya bei hiyo kulikuwa na kontrola, fimbo ya kaboni, tripodi moja na redio ya nje. Jina la kampuni naliacha makusudi, kwa sababu mashine za bei hii zinafanana sana kwa uwezo, na ninayoyasema hapa yatakusaidia hata ukichukua ya rangi nyingine.

Kwanza mambo madogo. Betri inamaliza siku nzima ya kazi na bado inabaki. Kuinamisha fimbo bila kutafuta kipovu cha maji katikati ni raha isiyo kifani ukiwa unapima kona ya ukuta wa mtu mwenye mbwa. Kontrola inasomeka juani. Kifuniko cha tundu la chaja ni cha mpira laini, kitakatika tu, nimeshakifunga uzi. Basi, tuje kwenye penyewe.

Tangazo la mashine linasema sentimita moja, mahali popote, saa yoyote. Hiyo "saa yoyote" iandikieni alama ya kuuliza. Kuna barabara nje kidogo ya mji ambako mkandarasi humwaga zege usiku kukwepa joto, nami huwa naitwa kuhakiki levo (kimo) kabla ya kumwaga. Saa mbili na nusu usiku, anga jeupe pee, hakuna wingu wala mti, besi iko kilomita nane. Kwenye kontrola setilaiti zilikuwa 31. Mara zile nguzo za nguvu ya mawimbi zikaanza kurukaruka, fupi, ndefu, fupi, setilaiti moja ikapotea, kisha tatu, kisha upande mzima wa kaskazini ukawa mweupe. Fiksi (usahihi wa sentimita) ikaanguka, ikawa floti (makadirio tu). Kijana anayenishikia fimbo akaniambia, "Dada, hiyo betri hiyo." Betri ilikuwa asilimia 80.

Tatizo liko juu, kilomita mia kadhaa kutoka pale tulipokuwa tumesimama, na chanzo chake kingine kiko huku huku chini. Jua likichoma kila siku, mvuke wa maji hewani na tabaka la ozoni juu yake hufyonza joto, hewa inatanuka mchana na kusinyaa usiku. Huko ndiko kupwa na kujaa kwa angahewa. Mwenye simu yenye baromita anaweza kujionea mwenyewe: hapa kwetu kanieneo ya hewa hupanda kuelekea saa nne asubuhi, hushuka saa kumi jioni, hupanda tena saa nne usiku, hushuka tena alfajiri saa kumi. Tofauti yake ni hektopaskali 2 hadi 3 tu, na hurudi kila siku kwa saa zile zile.

Kidogo hicho cha chini, juu si kidogo. Kupanda na kushuka huko ni mawimbi ya hewa, nayo husafiri kwenda juu, na kadiri hewa inavyozidi kuwa nyepesi ndivyo yanavyokua. Yakifika kama kilomita 100 yamekuwa pepo za makumi ya mita kwa sekunde. Hapo ni ndani ya ayonosfia, hewa yenye chembe za umeme. Pepo zikizisukuma chembe hizo kukatiza usumaku wa dunia, umeme unazalishwa, kazi ile ile ya dinamo. Umeme huo, mchana, huzinyanyua chembe juu ya ikweta ya sumaku, kisha zinateremka pande mbili kufuata mistari ya usumaku na kujikusanya katika mikanda miwili minene, mmoja kaskazini, mmoja kusini.

Sasa tazama ramani. Kwa Afrika Mashariki ikweta ya sumaku haipiti Nanyuki kama ikweta ya kawaida, inapita kaskazini zaidi, karibu na Addis Ababa. Mkanda wa kusini ndio unaotuangukia sisi Watanzania kichwani. Na si hilo tu. Setilaiti ya NASA iitwayo IMAGE iliipiga picha mikanda hiyo mwaka 2002, na mwaka 2006 wanasayansi wakaeleza kwamba ina sehemu nne nzito zaidi kuzunguka dunia, tatu kati yake zikiwa juu ya penye ngurumo nyingi: Amazon, Indonesia na bonde la Kongo. Maana yake mvua ya Kongo, kwa joto linaloachiwa mawingu yakiumbika kila siku, inatia mkono katika kazi yangu ya Dodoma. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu.

Kwa mashine, matokeo ni mawili. Mchana, mawimbi ya setilaiti yakipita kwenye chembe hizo yanacheleweshwa; kwa masafa ya L1, mojawapo ya yale setilaiti zinayorushia mawimbi, ucheleweshaji unaweza kupita mita 10 jua likiwa limechangamka, kama lilivyokuwa mwaka 2024 lilipotangazwa kufika kileleni. Mashine ya masafa mawili au matatu hulinganisha L1 na L2 na L5, ikaondoa karibu kosa lote. Mashine yangu ya zamani ilikuwa ya masafa mawili ila ilipokea setilaiti za GPS na GLONASS tu, na besi ikizidi kilomita kumi, saa nane mchana ilikuwa kusubiri fiksi mpaka chai inapoa. Hii inachukua pia setilaiti za Galileo na BeiDou, na mchana sijaona shida yoyote ya maana. Hapo pesa yangu imerudi.

Matokeo ya pili ni ya usiku. Jua likizama, mikanda ile hutoboka mapovu, yaani mianya yenye chembe chache, na mawimbi ya setilaiti yakipita humo yanatetemeka. Hutokea zaidi kuanzia saa moja au saa mbili usiku hadi kama usiku wa manane, na zaidi miezi ya Machi na Septemba. Masafa hata yawe matano, setilaiti iliyokatika imekatika. Tofauti niliyoiona ni kwamba hii, kwa wingi wa setilaiti zake, hurudi kwenye fiksi mapema kuliko ile ya zamani, lakini isikudanganye: fiksi ya kwanza baada ya mtikisiko uipime tena kwenye bikoni unayoijua.

Kwa hiyo ukienda dukani, usihangaike na idadi ya chaneli iliyoandikwa kwenye boksi. Uliza kama inapokea L5, kama inarekodi data ghafi kwa ajili ya kuchakata baadaye, na kama skrini inaonyesha nguvu ya kila setilaiti peke yake. Muuzaji wangu hakuwa na jibu la swali la tatu, ikabidi tuiwashe pale nje ya duka tukaangalie. Ilionyesha. Kazi za zege za usiku bado nazifanya, ila levo nahakiki kwa mashine ya kawaida ya levo na stafu (rula ndefu ya kusimamisha), na mkandarasi analalamika kwamba namchelewesha.