Tela la mbwa lililochomelewa Moshi: uzoefu wangu njia ya Moshi–Arusha, bila ngano

Tela hili ni la magurudumu mawili, la kuvutwa na baiskeli, limechomelewa kwenye gereji ya mtaani hapa Moshi kwa paipu za mraba za milimita 20. Abiria wake ni mbwa wa kilo 18, na mimi mwendeshaji sili ngano kwa sababu ya ugonjwa. Tela tupu lina kilo 14. Ukiongeza mbwa, maji na unga unavuta kilo 37 hivi. Nianze na jibu: linafaa, tena linafaa sana kuliko kumkimbiza mbwa kando ya lami, ila usiondoke nalo kama lilivyotoka kwa fundi. Sehemu mbili lazima zirudiwe.

Ya kwanza ni kiungio cha tela na baiskeli. Hili tela lilikuja limefungwa kwa boliti moja iliyopita kwenye vipande viwili vya chuma. Kiungio cha namna hiyo hucheza kushoto na kulia basi, wakati barabarani tela linataka kucheza pande zote: baiskeli inalala kwenye kona, gurudumu moja la tela linapanda jiwe, na wewe umesimama juu ya pedeli. Chuma hakina pa kwenda, kwa hiyo nguvu yote inaishia pale palipochomelewa, na panaanza ufa mwembamba kama unywele chini ya rangi. Ukikwangua rangi kwa kucha unauona. Kuchomelea upya hakusaidii, ufa unahamia pembeni tu. Dawa ni kipande cha mpira wa presha (bomba la kupitishia hewa au maji yenye msukumo) cha sentimita 12, chenye nyuzi za kitambaa ndani (wenye nyuzi za waya ni mgumu mno), kibanwe kwa klempu mbili kila upande. Upande mmoja unashika mkono wa tela, mwingine unashika kipande cha chuma bapa kinachofungwa kwenye ekseli ya nyuma ya baiskeli, kushoto, maana kulia kuna mnyororo na gia. Juu yake pitisha mkanda wa akiba wa nailoni kuzunguka fremu ya baiskeli. Mpira ukikatika, mkanda unalishika tela lisiingie katikati ya barabara. Kila jioni ukunje ule mpira kwa mkono: ukiona mipasuko karibu na klempu, badilisha.

Ya pili ni ekseli. Magurudumu ni ya inchi 20, ya baiskeli za watoto, na ekseli zake zimetengenezwa kushikwa pande zote mbili. Mafundi wengi huzishika upande mmoja, kama tairi la gari, kwa sababu inaokoa paipu. Ekseli ya milimita 10 iliyoshikwa upande mmoja hupinda, gurudumu linalala, tairi linalika upande. Dai paipu ya pili nje ya kila gurudumu. Inaongeza kama kilo moja na nusu, na hiyo kilo na nusu usiibanie.

Sakafu ni sehemu iliyonifurahisha kuliko zote: mikanda ya tyubu kuukuu ya gari iliyosukwa, bila ubao. Inanesa kwenye mashimo, mkojo na maji vinapita, na hewa inaingia kwa chini. Mbwa akae mbele kidogo ya ekseli, ili mkono wa tela ubaki na uzito wa kilo nne au tano unapounyanyua. Akirudi nyuma, tela linainua gurudumu la nyuma la baiskeli, na kwenye mteremko linaanza kuyumba. Kwa hiyo afungwe kwa kamba fupi upande wa mbele, kwenye mkanda wa kifuani, kamwe isiwe kwenye kola ya shingo. Mteremko wa Kikafu, kabla ya Boma Ng'ombe, ndio mtihani wa haya yote. Shuka pole pole, breki zote mbili, usivuke kilometa 25 kwa saa. Baiskeli ya breki za vyuma (za fito, si za waya) isiyo na gia isikushawishi kuvuta mzigo huu.

Tairi chagua za valvu nene kama ya pikipiki, upate upepo popote penye bodaboda. Miiba ya migunga ni mingi kuanzia Boma kwenda KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro). Kata uso wa tairi kuukuu jembamba, uuweke kati ya tairi na tyubu.

Moshi hadi Arusha ni kilometa 80 hivi, na Arusha iko juu zaidi kwa zaidi ya mita 500. Peke yako ni safari ya siku moja. Ukiwa na mbwa, igawe siku mbili. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa nne uwe kivulini, endelea saa kumi jioni. Uwanda wa Boma hadi Kikatiti hauna kivuli cha maana. Tena asubuhi unaelekea magharibi, jua liko mgongoni, kwa hiyo turubai lishuke upande wa nyuma, jioni ligeuze. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, jasho lake ni la kwenye nyayo tu. Ulimi ukiwa mwekundu uliokoza, mate mazito, miguu ikiyumba, simama, mmwagie maji tumboni na kwenye mapaja, apigwe na upepo. Usimfunike taulo lililolowa, linazuia joto lisitoke. Beba lita mbili kwa ajili yake peke yake.

Sasa chakula. Nina seliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano na nafaka za jamii yake, hudhuru utumbo: ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano) haziingii kabisa. Njia hii ni rafiki kwa mtu wa hivyo: mtori, machalari na kiburu (vyote vya ndizi), ndizi za kuchoma, makande, loshoro (mahindi na maziwa mgando) ukifika upande wa Arusha. Hatari imejificha. Uji wa lishe mara nyingi umechanganywa ngano. Chipsi hukaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga sambusa. Ukisema "nina mzio wa ngano", mama ntilie ataondoa chapati na kukuwekea mchuzi uleule wenye unga. Uliza kitu kwa kitu: "Shikamoo mama, mchuzi huu umetiwa unga wowote? Sosi je?" Atakujibu vizuri, maana kaupika mwenyewe.

Mbwa naye ana masharti yake, na hayafanani na yangu. Mtori unaonifaa mimi una vitunguu, na vitunguu huharibu damu ya mbwa. Masalio ya sahani hapewi. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali. Kwenye vituo vya mahindi ya kuchoma mshike kamba, kwani gunzi akilimeza linaziba utumbo na hapo ni upasuaji. Tunachokula wote ni ugali. Kwa kilo 18 napima gramu 150 za dona na gramu 120 za dagaa wakavu kwa siku, dagaa waoshwe mchanga, wachemshwe bila chumvi, na kijiko cha mafuta. Dona iwe safi, isiyonuka uvundo: sumukuvu huua mbwa. Pumba za bei chee usinunue, sumukuvu hujaa zaidi kwenye pumba. Unga nabeba kutoka nyumbani, kwa sababu mashine ya kusaga ya njiani huenda imetoka kusaga ngano.

Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe mfukoni. Usikatishe ndani ya Hifadhi ya Arusha, mbwa haruhusiwi. Kwa pa kulala, piga simu gesti za Usa River au Tengeru mapema; Jumatano na Jumamosi Tengeru kuna soko na barabara hubana. Gesti nyingi hukataa mbwa chumbani, lakini tela la upana wa sentimita 72 linapita mlangoni, na ukisema atalala humo ndani akiwa amefungwa, wengine hukubali.