Betri za Kuchaji kwa Vifaa vya Sauti vya Kujitengenezea: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Iachwe

Aliyewahi kujenga amplifaya kwa mikono yake na kuiwasha kwa adapta ya bei nafuu anaujua mvumo mzito unaosikika chini ya muziki, hata sauti ikiwa imeshushwa hadi mwisho. Mvumo huo hutoka kwenye umeme wa gridi, wenye mizunguko 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi, na hupenya ama kupitia adapta isiyochuja vizuri, ama kupitia waya za ardhi pale vifaa viwili vinapochomekwa ukutani na kuunganishwa tena kwa waya wa sauti. Betri huziba njia zote mbili, kwa kuwa umeme wake hautikisiki na haugusani na ukuta. Hata hivyo, si kila betri ya kuchaji inafaa kwa kazi hii, na baadhi ya zile zinazosifiwa sana madukani huleta kelele mbaya kuliko ile iliyokimbiwa.

Kabla ya kununua chochote, pima kifaa chako. Weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye njia ya waya chanya, usome ni miliampea ngapi zinapita kifaa kikiwa kimya, kisha usome tena muziki ukiwa katika sauti unayoipenda. Amplifaya ndogo ya hedifoni iliyojengwa kwa chipu ya OPA2134 hula takriban miliampea 8 ikiwa imetulia, na pengine 20 au 30 inapofanya kazi. Amplifaya ya spika inaweza kudai ampea nzima au zaidi kila ngoma inapopigwa. Hayo ni mahitaji mawili yasiyofanana, na ndiyo maana betri inayomfaa jirani yako inaweza isikufae wewe.

Neno moja pia kuhusu namba kubwa zinazoandikwa kwenye maganda. Miliampea-saa, yaani miliampea zinazotoka mara saa zinazodumu, peke yake haisemi betri imebeba nishati kiasi gani mpaka uizidishe kwa volti. Pawabenki iliyoandikwa 10,000 ina wati-saa 37 tu, kwa sababu namba hiyo huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli iliyo ndani, ilhali betri ya volti 12.8 iliyoandikwa 6,000 ina wati-saa karibu 77. Linganisha wati-saa, na namba za matangazo hazitakupotosha.

Nafasi ya kwanza, kwa sehemu kubwa ya vifaa vinavyojengwa mezani, naipa betri ya nikeli-metali haidraidi yenye ukubwa wa AA, ile aina isiyovuja chaji inapokaa bure. Betri za kawaida za nikeli zilikuwa na sifa mbaya ya kupoteza sehemu kubwa ya chaji ndani ya wiki chache kabatini, mpaka Sanyo ilipotoa eneloop mwaka 2005, na leo watengenezaji wengi wana aina kama hiyo. Upinzani wake wa ndani ni mdogo, kwa hiyo volti haiyumbi sauti nzito inapoingia. Haina saketi yoyote ndani ya kuleta kelele. Na kosa dogo la mjenzi haliishii kwa urahisi kwenye moto. Seli ya miliampea-saa 2,000 ikilisha amplifaya inayokula miliampea 20 hukaa karibu saa 100, muda ambao mtu anaweza kusahau kabisa kwamba betri huisha.

Hesabu ya volti ndiyo inayowakosesha wengi. Seli moja ni volti 1.2, si 1.5, hivyo kifaa cha volti 9 kinahitaji seli nane zinazotoa volti 9.6, na zikiwa zimetoka kwenye chaja muda huohuo hupanda hadi volti 11 na ushee. Hakikisha chipu na kapasita zako (vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi) zinastahimili kiwango hicho. Anayetaka usambazaji wa pande mbili, chanya na hasi, apange seli sita upande huu na sita upande ule, achukue makutano ya katikati kuwa ardhi, naye atapata volti 7.2 kila upande bila kuhitaji saketi ya kutengeneza ardhi bandia. Usizishushe chini ya volti 1.0 kwa seli, wala usichanganye nzee na mpya katika safu moja, kwa kuwa ile dhaifu huisha mapema kisha wenzake wakaisukumia umeme kinyumenyume.

Chagua zenye uwezo wa miliampea-saa 1,900 hadi 2,100 badala ya kukimbilia 2,500 na kuendelea, kwa sababu zile za uwezo mkubwa kwa kawaida hustahimili mizunguko michache zaidi ya kuchaji. Nunua pia chaja inayosimamia kila seli peke yake na kujizima seli inapojaa, kwani chaja duni huua betri nzuri. Jambo la mwisho hapa ni dogo lakini limenisumbua kuliko mengine yote: kishikio cha plastiki chenye springi legevu. Miezi kadhaa nilibadilisha kapasita na vitasa vya sauti nikitafuta chanzo cha mchakarisho uliokuja na kuondoka, na mwishowe nikakuta ni springi moja iliyoshika kutu. Kishikio bora kidogo ni matumizi yasiyojutiwa.

Kwa amplifaya ya spika mambo hubadilika, na hapo nafasi ya kwanza, ambayo katika orodha ya jumla ni ya pili, ni ya betri ya lithiamu-chuma-fosfati yenye seli nne. Volti yake ya kawaida ni 12.8, na inabaki karibu hapo kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kiasi kwamba sauti haichoki polepole kabla ya betri kuisha. Kemia yake ni tulivu kuliko ya lithiamu nyingine inapopata joto, na ikitunzwa huvumilia mizunguko 2,000 na zaidi. Nguvu utakayoipata ni rahisi kuikadiria: amplifaya ya muundo wa daraja, yaani inayoisukuma spika kupitia ncha zake zote mbili, inayolishwa volti 12 haiwezi kutoa zaidi ya wati 9 safi kwenye spika ya omu 8, au 18 kwenye spika ya omu 4, hata ganda lake liandikwe mia. Wati 9 si haba. Chumba cha kawaida kinajaa.

Unapoinunua, angalia saketi ya ulinzi iliyo ndani inaruhusu ampea ngapi mfululizo, maana zipo betri zenye uwezo mzuri ambazo hujizima besi inapogonga. Chaja yake iwe ya kemia hiyo, yenye kikomo cha volti 14.6, na usiichaji katika baridi iliyo chini ya nyuzi 0. Chunguza pia kikomo cha chipu ya amplifaya: TPA3116D2 hukubali volti 4.5 hadi 26 na haina tatizo, lakini TA2024 ya zamani inapendekezewa isivuke 13.2, na betri hii ikiwa imejaa inaweza kuupita mpaka huo.

Ya tatu ni seli ya lithiamu-ioni ya 18650, ambayo jina lake ni vipimo vyake: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kwa uzito wake hakuna iliyotangulia inayoishinda kwa nishati, na kwa spika ndogo ya kubeba huenda ningeipandisha ngazi. Seli moja, inayoanzia volti 4.2 na kushuka hadi karibu 3, hulisha moja kwa moja chipu ya PAM8403, inayofanya kazi kati ya volti 2.5 na 5.5, bila kibadilisha volti chochote katikati. Kinachoishusha hadi nafasi ya tatu ni hatari na udanganyifu. Seli halisi hufikia miliampea-saa 3,500 au zaidi kidogo; iliyoandikwa 9,900 ni ya uongo, na mizani ya jikoni inatosha kuifichua, kwani seli ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Usiilehemu moja kwa moja kwa joto la pasi. Nunua yenye vibati vilivyokwisha kuunganishwa, au tumia kishikio. Moduli ya kuchaji ya TP4056 ni ya seli moja tu, au seli zilizoungwa sambamba, na kuiweka kwenye seli tatu za mfululizo ni kosa linaloweza kuunguza nyumba.

Betri ya risasi na asidi iliyofungwa, ya volti 12, naiweka ya nne, nayo haihitaji maneno mengi. Hutoa mkondo mkubwa na haina kelele, lakini ile ya ampea-saa 7 ina uzito unaozidi kilo mbili, haipendi kushushwa chini ya nusu, na ikiachwa tupu huharibika. Kwa kifaa kisichohamishwa, ikiwa tayari unayo, itumie. Kuinunua upya kwa ajili ya sauti sioni sababu.

Pawabenki ni ya tano. Ndani yake kuna kibadilisha volti kinachopandisha 3.7 kuwa 5 kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, na mabaki ya kazi hiyo huingia kwenye saketi kama mluzi au mchakacho. Nyingi pia hujizima zinapoona kifaa kinakula kidogo, jambo linaloifanya amplifaya ya hedifoni kukatika katikati ya wimbo. Asijaribu mtu kuunga matundu mawili ya pawabenki moja ili apate chanya na hasi, kwa sababu upande hasi wa matundu hayo kwa kawaida ni mmoja, na atakachopata ni shoti.

Ya mwisho ni ile ambayo wengi huinunua kwanza: betri ya mraba ya volti 9 ya kuchaji. Ya nikeli yenye seli saba ni volti 8.4 kwa kweli, na uwezo wake wa miliampea-saa 200 hivi huisha kwa saa kumi pale ambapo AA zingeendelea siku nne. Ile ya lithiamu yenye tundu la USB mara nyingi ina kibadilisha volti kama pawabenki, na kelele zilezile. Ninaitetea mahali pamoja tu: pedali ya gita yenye transista mbili, inayokula chini ya miliampea moja na yenye kisanduku kisichobeba kitu kingine.

Katika ununuzi huohuo chukua fyuzi, uiweke karibu kabisa na ncha chanya, yenye kiwango kinachozidi kidogo mkondo mkubwa uliopima, pamoja na kapasita ya mikrofaradi 1,000 au 2,200 ya kuweka mahali umeme unapoingilia amplifaya. Kwa usambazaji wa pande mbili, swichi iwe inayokata waya zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja ukizimika na mwingine ukabaki, au safu moja ikiisha kabla ya nyingine, umeme wa mkondo mmoja (DC, usiobadili mwelekeo) unaweza kutokea kwenye tundu la hedifoni na kuunguza koili zake. Kwa hiyo pima tundu hilo kwa multimita kwanza, na ikiwa inaonyesha zaidi ya milivolti 50 hivi, usichomeke hedifoni.