Uzoefu Wangu: Guta la Umeme na Mlima wa Ipogolo

Ninauza nyanya Iringa mjini, na sehemu kubwa ya nyanya zangu hutoka Ilula. Matenga hushushwa Ipogolo, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, kisha hupandishwa mjini hadi sokoni. Mwenyeji wa hapa anajua kwamba kazi iko kwenye kipande hicho cha pili, kwa sababu mji umekaa juu ya kilima na Ipogolo iko bondeni karibu na Mto Ruaha Mdogo. Kwa miaka mingi nililipia toyo za petroli, yaani pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, hadi nilipopiga hesabu ya nauli za mwaka mzima na kuamua kununua guta langu la umeme la magurudumu matatu. Ninaandika hapa yaliyonipata katika kuliboresha ili lipande mlima huo, kwa kuwa nilitumia fedha nyingi mahali pasipostahili kabla ya kutumia fedha kidogo mahali palipostahili.

Guta lilikuja na mota ya wati 1,000 iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma pamoja na difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma), kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme unaotoka kwenye betri kwenda kwenye mota) yenye kikomo cha ampea 30, na betri tano za asidi za volti 12 na ampea-saa 32 kila moja, zilizounganishwa kuwa volti 60. Kwenye tambarare ya Kihesa nilifurahi nalo kabisa. Likiwa tupu lilifika kilomita 35 kwa saa, na kimya chake kilinipendeza. Siku ya kwanza ya kulipakia matenga sita na kulielekeza mjini kutoka Ipogolo, mwendo ulishuka hadi kilomita saba kwa saa, na wanafunzi waliokuwa wakipanda mbio walitupita huku wakitupungia mikono. Kijana anayeliendesha alinigeukia akasema, "Mama, hili linapanda kama bibi mwenye goti."

Hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kununua niliifanya baadaye, nikisaidiwa na mwalimu wa fizikia ambaye ni mteja wangu. Guta, dereva na matenga sita yenye kilo 40 kila moja vinakaribia kilo 550. Kwenye mwinuko wa asilimia saba, yaani pale ambapo kila mita 100 za barabara zinakuinua mita saba, uzito huo unakivuta chombo nyuma kwa nguvu ya takriban nyutoni 380, na matairi yanaongeza nyutoni 80 hivi kwa kukwaruzana na lami. Ukitaka kupanda kwa kilomita 15 kwa saa, magurudumu yanahitaji kupokea karibu wati 1,900. Kontrola yangu, hata ikitoa ampea zake zote 30, ilikuwa ikipitisha wati 1,700 kutoka kwenye betri, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa ikipotea kama joto ndani ya mota iliyolazimishwa kuzunguka polepole mno. Hapo ndipo penye siri ya jambo lote: mota ya umeme inayozunguka polepole chini ya mzigo mzito hula umeme mwingi na kurudisha kazi kidogo.

Sikuwa nimeielewa siri hiyo nilipokwenda kwa fundi wa kwanza. Yeye alilitazama guta kwa dakika mbili, akatamka kwamba kontrola ni ndogo, na akaniuzia nyingine ya ampea 50 kwa shilingi 185,000 pamoja na ufundi. Nakiri kwamba kwa majuma mawili nilimsifu kwa kila aliyenisikiliza. Guta lilipanda kwa fahari, dereva alikuwa akipiga honi bila sababu, nami nikaanza kuongeza tenga la saba. Betri ndizo zilizolalamika mapema, kwani nilizoea kupata safari nne kwa chaji moja na sasa ya tatu ilikuwa ikimalizika kwa kusuasua. Betri ya asidi ya ampea-saa 32 haikutengenezwa kutoa ampea 50 kwa dakika nyingi mfululizo. Ukiilazimisha, volti zake huporomoka na uwezo unaoupata huwa mdogo kuliko ulioandikwa ubavuni. Tena ilikuwa mwezi wa Juni, na asubuhi zetu za Juni na Julai zina baridi ambayo nayo huipunguzia betri ya asidi uwezo.

Jumamosi moja ya soko, katikati ya mlima, volti zilishuka chini ya 52 na kontrola ikakata umeme kama ilivyopangwa kufanya ili kuzilinda betri. Dereva alisubiri kidogo, volti zikapanda, akaendelea, ikakata tena. Katika jaribio la tatu lilitokea jambo jingine: guta lilitetemeka, likanuka harufu ya vanishi inayoungua, likasimama kabisa. Wasamaria wawili waliweka mawe nyuma ya matairi, matenga yakashushwa moja moja ukingoni mwa barabara, na mawili ya chini yalikwisha kuwa mchuzi. Fundi wa kwanza alipopigiwa simu alisema kwamba mota ilikuwa mbovu tangu mwanzo, na baada ya hapo simu yake haikupokewa tena.

Ukweli niliupata kwa fundi wa pili, kijana mpole mwenye kibanda Mlandege, ambaye kabla ya kugusa spana aliniuliza maswali matatu: ninabeba kilo ngapi, ninapanda wapi, na ninalala wapi. Swali la mwisho nililiona la ajabu, lakini nitalirudia. Alipoifungua mota alinionyesha koili, yaani waya zilizosukwa ndani ya mota, zilizobadilika rangi kuwa nyeusi na kihisi kimoja kilichoyeyuka, kile kinachoiambia kontrola rota (sehemu ya mota inayozunguka) iko upande gani. Alinieleza kwamba joto la waya za koili haliongezeki sawa na umeme unaopita, bali linaongezeka kwa mraba wake. Kutoka ampea 30 hadi 50 ni ongezeko la theluthi mbili tu, lakini joto linakaribia mara tatu. Hewa yetu ya mwinuko, ambayo ni nyembamba kuliko ya Dar es Salaam, nayo hupoza mota kwa uzembe kidogo. (Kwa haki niseme kwamba hewa hiyohiyo huzinyima pumzi injini za petroli, ilhali mota ya umeme haivuti hewa ili ifanye kazi, kwa hiyo katika mizani hiyo umeme bado unashinda huku juu.)

Pendekezo lake lilikuwa kuiacha mota iwe ya wati 1,000 na kubadilisha gia. Ekseli yangu ilikuwa na uwiano mmoja wa takriban kumi kwa moja, yaani mota inazunguka mara kumi ili gurudumu lizunguke mara moja. Yeye alifunga ekseli yenye leva ya gia mbili, ambapo gia kubwa ni ileile ya kumi na gia ndogo ni ya kumi na sita. Katika gia ndogo mota inazunguka haraka zaidi kwa mwendo uleule wa gari, hivyo nguvu ya msokoto inayohitaji kutoa ni ya awali ikigawanywa kwa moja na nukta sita, na joto la koili linashuka hadi chini ya nusu ya lilivyokuwa. Mwendo wa juu katika gia hiyo ni kilomita 22 kwa saa, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka zaidi ya huo akiwa na nyanya kwenye mlima. Ekseli yenyewe ilinigharimu shilingi 380,000, kazi ya kuifunga shilingi 60,000, na kusuka koili upya shilingi 90,000.

Kisha akafanya jambo lililonishangaza zaidi ya yote. Aliitoa ile kontrola ya ampea 50, akaniomba nimletee ya zamani iliyokuwa imetupwa stoo, akairudisha. Nilibisha, kwa sababu nilikuwa nimeilipia ile kubwa na moyo uliniuma kuiona ikiwekwa pembeni. Aliniambia, "Mama, tujaribu kwanza, ikishindwa nitaifunga bure." Tulishuka Ipogolo na matenga sita, akaingiza gia ndogo, na guta likapanda kwa kilomita 11 hadi 12 kwa saa bila kutetemeka mwanzo hadi mwisho. Tulipofika juu niliweka kiganja kwenye mfuniko wa mota na kuweza kukiacha hapo. Wiki chache kabla ya hapo ningekiunguza.

Hayo yangetosha, na kwa mtu mwenye bajeti ndogo ningesema asimame hapo. Mimi niliendelea kwa sababu betri zile za asidi zilikuwa zimekwisha kuumizwa na ampea 50 na hazikupona. Nilinunua betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma, volti 64 na ampea-saa 40, kwa shilingi 1,900,000, na ndiyo sehemu ghali kuliko zote za simulizi hii. Uzito wake ni takriban kilo 24 badala ya 50 za betri tano za zamani, kwa hiyo nilipata nafasi ya zaidi ya nusu tenga bila kuongeza mzigo kwa mota. Volti zake haziporomoki mlimani. Safari ya tano hupanda kama ya kwanza. Sasa ninafanya safari sita kwa siku na kurudi nyumbani nikiwa na akiba. Kuijaza kunakula yuniti tatu hivi za LUKU (umeme wa kulipia kabla), na kwa bei ninayotozwa ya takriban shilingi 356 kwa yuniti, siku nzima ya kazi hainifikishi shilingi 1,100. Fundi alibadilisha pia nyaya kuu na kuweka nene zaidi, na akahakikisha kwamba kinga ya kielektroniki iliyo ndani ya betri inaruhusu ampea nyingi kuliko kikomo cha kontrola. Asiyelizingatia hilo anaweza kukatiwa umeme na betri yenyewe akiwa kwenye kona.

Sasa nilirudie lile swali la ninalala wapi. Ninaishi Mtwivila, juu mjini, na guta huchajiwa nyumbani usiku. Maana yake ni kwamba safari ya kwanza ya siku ni ya kushuka, betri ikiwa imejaa pomoni. Kontrola yangu ina breki ya umeme, ambayo dereva akiachia mkono wa mafuta (tunauita hivyo ingawa mafuta hayapo) huigeuza mota kuwa jenereta, ikapunguza mwendo na kurudisha chaji kidogo kwenye betri. Betri iliyojaa haina pa kuweka chaji hiyo. Asubuhi ya pili baada ya kufunga lithiamu, kinga ya betri ilikata mawasiliano tukiwa tunateremka, breki ya umeme ikapotea ghafla, na dereva akabaki na breki za kawaida za ngoma pekee. Alizikamata vizuri na hatukugusa mtu, lakini nilishuka na kutembea kwa miguu hadi chini. Fundi alikuwa amenionya kwamba nisijaze hadi mwisho, nami nilikuwa nimesikia kwa sikio moja. Tangu siku hiyo chaja huzimwa betri ikifika karibu asilimia 90, na breki za ngoma hukaguliwa kila Jumatatu kabla ya guta kutoka getini.

Mvua haijanisumbua sana, isipokuwa soketi moja iliyoingia maji mwezi wa Machi na ikapona kwa kukaushwa na kupakwa grisi. Dereva hulalamika kwamba gia ndogo ina mlio, na ni kweli inalia, ingawa sauti hiyo nimeizoea. Analalamika zaidi kwamba gia lazima ibadilishwe guta likiwa limesimama, na wakati mwingine hujisahau, anaanza mlima katika gia kubwa na kulazimika kusimama katikati, jambo ambalo limetuletea maneno makali kutoka kwa madereva wa daladala walio nyuma yetu.

Kasoro ninayoihesabu kuwa nzito ni moja. Leva ya gia imewahi kujirudisha huru mara mbili mlimani kwa sababu ya mtikisiko, na chombo kilicho huru kwenye mwinuko hakina cha kukishika isipokuwa mguu wa dereva ulio kwenye breki. Kwa sasa tumeifunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli, na mpira huo unafanya kazi. Nampa fundi wa pili alama nane kati ya kumi, na mbili zilizobaki nimezishika mpaka aniwekee komeo la chuma alilonitajia tangu mwezi uliopita.