Somo la kupanga picha kwenye mikoko ya Tudor: uzoefu wangu

Kama unapiga picha za ndege na miti hapa Mombasa, zikawa zinatoka safi lakini hazimsimamishi mtu, somo hili la nusu siku litakufaa kuliko lenzi mpya.

Tulishuka mtumbwini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana. Wakati huo ulichaguliwa makusudi. Bamvua hapa kwetu maji hujaa alfajiri, yakapwa kabisa kuelekea saa nne au saa tano, na kati ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita 3. Kadiri maji yalivyotoka, mizizi ya mikoko ilizidi kuchomoza, na picha iliyokuwa imekaa vizuri ikabidi ipangwe upya.

Mwanzo mwalimu alikataza kamera. Alichagua mkoko mmoja, tukauzunguka tukitazama kilichoko nyuma yake. Upande mmoja palikuwa na mabati na nguzo za umeme. Nahodha akasukuma upondo mara chache, nyuma pakawa kiza cha msitu mtupu, na mizizi ile ile iliyopindana ikajitokeza yote kwa jua la ubavuni. Hili ndilo nililolithamini kuliko yote. Mafunzo mengi huanza na mistari ya theluthi, ile inayoigawa fremu mafungu 9, yakaishia hapo hapo. Yeye aliichelewesha, na naona ana haki: nyuma pakishatakata, jicho lenyewe linakuonyesha mti ukae wapi. Tena alisema wazi kuwa maji yakitulia na kivuli cha miti kikaonekana kizima, mstari wa maji unaweza kupita katikati ya picha bila kuiharibu.

Yangeyange alipotua topeni, mwalimu akaniambia, "Dadangu, muachie nafasi mbele ya mdomo, apate pa kwendea. Na pembe zote nne uzitazame kabla hujabonyeza." Pembe zile! Ndimo linamojificha tawi lililokatika nusu au chupa ya plastiki.

Kwa kaa wale wenye gando moja kubwa, tulilala kifudifudi ukingoni mwa mtumbwi mpaka lenzi ikawa sawa na macho yao. Kaa akipigwa kutoka juu, tope hujaza fremu naye akapotelea humo. Ukishuka, tope la nyuma linakuwa mbali na kufifia, gando likaonekana peke yake. Vimizizi vya mchu, aina ya mkoko, vilivyosimama wima topeni, tulivitumia kulivuta jicho kuelekea kwa kaa.

Waliokuja na simu walifundishwa sawa na wenye kamera. Waliambiwa tu wawashe gridi, ile mistari ya theluthi kwenye kioo cha simu.

Kasoro ipo. Watu tulikuwa wengi kwa mtumbwi mmoja, mmoja akijigeuza picha ya mwenzake inatikisika. Na kule kupitia picha mwishoni, juani, kwenye kioo kidogo cha kamera, hakukunisaidia. Afadhali kungefanyiwa kivulini.

Ada ni shilingi 2,500, mtumbwi ndani yake. Kwa niliyoyapata, ningelipa tena. Lakini siku za maji mafu nisingeenda, maana maji hayapwi vya kutosha na mizizi ya chini, ambayo ndiyo utamu wa mahali hapa, hubaki imefunikwa.