Boksi la Samaki na Pikapu: Tani ya Dalali Siyo Tani ya Mizani

Mwaka jana nilinunua pikapu ya milioni 38 ya kuleta sato Mwanza kutoka Sengerema, na kwa miezi minne nikaendesha gari ambalo mbele lilikuwa linaelea. Hilux ya dabo kebini, yaani milango minne na safu mbili za viti, rimu zinang'aa, viti vya ngozi. Dalali aliniambia, "Dada yangu, hii inabeba tani bila kuguna." Sikumuuliza tani ya nini, na imekaa wapi.

Nilielewa siku ya mvua. Nimeshavuka daraja la Kigongo–Busisi, nimefika njia panda ya Usagara, nakata kushoto kuja mjini. Usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Nikazungusha, gari likaendelea mbele kama vile halijaambiwa kitu, likasimama hatua mbili kutoka kwenye jiko la mama wa mahindi. Alinitukana kwa Kisukuma, akarudia kwa Kiswahili nisije nikakosa kitu. Haki alikuwa nayo.

Kesho yake nikaenda kuomba mizani kwenye kinu cha mpunga. Gari tupu kwanza, halafu na boksi la samaki. Fundi aliyelichomelea boksi lile alikuwa ameniapia kilo 120. Mizani ikasema 285. Chuma cha pembe, bati juu, mbao ndani, na foma iliyokuwa imeshanyonya maji ya miezi minne. Sasa hesabu: boksi 285, barafu 200, samaki 400, mimi na kijana wangu 140. Jumla kilo 1,025. Ndiyo, na nyinyi mliokaa mbele mmo ndani ya ile tani. Hilo halikuwemo kwenye maneno ya dalali.

Na msijidanganye kwamba barafu ikiyeyuka gari linapata nafuu. Kilo 200 za barafu zikiyeyuka ni kilo 200 za maji, na maji hayatulii. Ukipanda mlima yote yanakimbilia nyuma. Boksi lisilo na kizibo cha kutolea maji usilinunue hata kama unapewa kwa mkopo.

Lakini kilichotaka kuniangusha Usagara siyo uzito wenyewe. Ni mahali ulipokaa, na hapa ndipo sijawahi kusikia muuzaji hata mmoja akipagusa. Mvuvi yeyote wa Igombe anajua: mkijazana wote nyuma ya mtumbwi, pua inanyanyuka na kasia la mbele linapiga hewa. Kitanda cha dabo kebini kina urefu wa karibu mita 1.5 tu. Boksi langu lina mita 1.8, kwa hiyo tuliacha mlango wa nyuma wazi likachungulia nje. Katikati ya boksi ikaangukia kama sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, ule mhimili wa magurudumu. Hilux ya dabo kebini tangu ya 2005 ina mita 3.085 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Piga hesabu ya mzani wa kawaida: kilo 885 za boksi, barafu na samaki, mara 0.3, gawa kwa 3.085. Kilo 86 zinanyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona, na kuhamia nyuma ambako tayari kumeelemewa.

Kabla hujatoa pesa, chukua chaki. Chora mstari ndani ya kitanda, sawasawa na katikati ya gurudumu la nyuma. Pima boksi lako, tafuta katikati yake. Katikati hiyo ikae juu ya mstari au mbele yake, upande wa kebini. Ikipita nyuma hata kwa kiganja, ondoka hapo yadi. Muuzaji atacheka. Mwache acheke.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza, na sijifichi, ni Hilux ya kebini moja. Kitanda chake ni karibu mita 2.3, boksi linaingia lote na katikati inakaa panapotakiwa. Ni Toyota, na spea za Toyota Mwanza hazikulazi njaa. Haina viti vya kubeba mashangazi kwenda harusini. Sawa, mashangazi wapande daladala.

La pili, Land Cruiser 79 ya kebini moja, kama una pesa au una mjomba mwenye pesa. Ni gari la kazi kweli kweli. Bei yake ndiyo inaniudhi: chakavu la miaka kumi na tano mtu analitajia bei akiwa ameangalia pembeni, maana hata yeye anaona aibu.

Isuzu D-Max na Ford Ranger za kebini moja ni nzuri, ni za tatu kwa sababu ya spea tu. Nissan Navara za dabo kebini za kuanzia 2014, nyingi zina springi za koili nyuma, zile za kuzungushwa, raha kwa abiria, ila kwa boksi la barafu zinachuchumaa. Kirikuu? Suzuki Carry za Japani zimeandikiwa kilo 350. Toa boksi, umebaki na samaki wa kitoweo. Ukivuka tani, nunua Canter uache ubishi.

Sasa nina dukuduku mbili. Ya kwanza ni mafundi wa "tuongeze pande la springi, mama". Ukiongeza, gari halitainama tena, kweli. Breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, tairi ni zile zile. Umeficha ugonjwa tu. Uzito wa mwisho unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kibati cha kiwandani, na springi ya mtaani haiubadilishi. Na tairi zina namba ya uzito wake pembeni: 104 maana yake kilo 900 kwa tairi moja, 114 ni kilo 1,180. Langu lilikuja na za 104, zimepakwa dawa ya kung'arisha.

Ya pili ni uongo wa "imetoka Japani". Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017, tena dabo kebini tu. Anayekuuzia Hilux ya 2010 ya kebini moja "iliyotumika Tokyo" muulize Tokyo ya wapi. Nilimuuliza dalali wangu. Akasema, "Dada, karatasi zipo ofisini." Ofisi ilikuwa imefungwa. Wiki iliyofuata, imefungwa.

Ile dabo kebini nimeiuza kwa milioni 31. Aliyeinunua anabeba magodoro.