Inner-City Arts, Los Angeles: masomo ni bure, udongo hauna haraka

Sanaa ya bure kwa watoto wa mjini mara nyingi huwa kalamu za rangi zilizokauka na mwalimu wa kujitolea anayekuja akipenda. Kituo hiki, kilichoanzishwa mwaka 1989 karibu na Skid Row, mtaa wa Los Angeles wenye watu wengi wasio na makazi, si cha namna hiyo. Wanafunzi wa shule za umma huja saa za masomo wakiwa na mwalimu wao wa darasa, naye hurudi shuleni na mbinu mpya. Kuna uchoraji, uhuishaji, dansi, maigizo na ufinyanzi.

Ufinyanzi ndio kipimo halisi cha programu kama hizi. Chombo cha mtoto kisizidi unene wa sentimita 1 hivi, kikauke takribani wiki nzima, ndipo kichomwe kwenye nyuzi kama 1,000 za Selsiasi. Kikiingia tanurini na unyevu, mvuke hukipasua, na vipande huharibu vya wenzake. Ziara ya siku moja basi haifai kitu. Anayetaka kuiga mfano huu apunguze idadi ya madarasa yanayokuja kabla ya kupunguza vipindi vya kila darasa, na asisahau mtego wa matope kwenye sinki. Bila huo mabomba huziba.